Punda wa dobi na moyo wa kima: hadithi za wanyama zilitufundisha nini hasa?

Mwanangamiani (mleta mada)

Wanajamvi, assalamu alaykum, na wasiotumia salamu hiyo nawaamkia kwa heshima ile ile.

Jambo ninalolileta hapa nimekaa nalo kwa muda mrefu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, lakini utoto wangu niliupitisha kwa bibi mzaa mama, upande wa Pangani, katika nyumba ya makuti iliyokuwa hatua chache kutoka ufukweni. Baada ya sala ya isha bibi alitandika mkeka barazani, akakaa akisuka ukili ambao vidole vyake viliujua bila macho kuutazama, nasi wajukuu tukajisogeza mpaka magoti yetu yakaugusa mkeka. Alipotamka "Paukwa" tulimwitikia "Pakawa", na hapo hata mtoto aliyekwisha kusinzia alifumbua macho. Alizijua hadithi nyingi za Sungura na Fisi, na za Simba ambaye hakuna anayethubutu kumkatalia, ila aliyoirudia kuliko zote ni ile ya Kima na Papa. Nadhani aliipenda kwa sababu bahari tuliisikia pale pale tulipokaa, na mkuyu ulikuwa nyuma ya nyumba.

Nilipoanza shule nilizikuta hadithi zile zile vitabuni, lakini zikiwa na mkia ambao bibi hakuwahi kuufunga: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Nilijifunza kujibu. Fisi aliyetaka kufuata njia mbili kwa wakati mmoja akapasuka msamba anatufundisha kuacha tamaa. Kobe aliyemshinda Sungura mbio anatufundisha kutokata tamaa. Kima na Papa wanatufundisha tusimwamini rafiki wa uwongo. Nilipata alama zangu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hadithi ni nyama ya embe na funzo ndilo kokwa, yaani ukishamaliza kula unabaki na kitu kigumu kimoja mkononi. Bibi yeye hakutuuliza swali lolote. Alimaliza kwa maneno ya wazee kwamba hadithi ikiwa njema ni yetu sote, na ikiwa mbaya ni yake peke yake, kisha akaukunja ukili wake.

Kwa wasioijua, au walioisahau, niieleze kwa ufupi. Kima alikaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake yaliinamia mji na nusu yaliinamia bahari. Kila siku alikuwa akimtupia Papa matunda, wakawa marafiki. Siku moja Papa akamwalika Kima kwao, akambeba mgongoni bila tone la maji kumpata, na walipofika katikati ya safari akamwambia ukweli: sultani wa papa ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akaona kwamba maisha yake yamekwisha potea na kwamba kilichobaki ni kujaribu uwongo, huenda ukamfaa. Akamwambia Papa kwamba amekosea kutolitaja jambo hilo mapema, maana kima wakitoka matembezini huiacha mioyo yao mitini. Papa akamrudisha. Kima alipoukwea mkuyu alikaa kimya, na Papa alipomwita mara kwa mara washuke waende, akajibu kwamba yeye hatakuwa kama punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio.

Papa hakuelewa, kwa hiyo Kima akamsimulia hadithi nyingine ndani ya ile ya kwanza. Simba alikuwa mgonjwa, akahitaji moyo na masikio ya punda. Sungura akaenda kumtongoa punda wa dobi kwa ahadi tamu, akamleta. Simba akamrukia, lakini kwa udhaifu wa ugonjwa akamkosa, punda akakimbia na majeraha yake. Baada ya siku Sungura akamfuata tena, akamwambia kwamba yule hakuwa na nia mbaya, na punda akarudi. Safari ile hakutoka. Simba alipotafuta moyo na masikio hakuviona, kwa kuwa Sungura alikwisha kuvila, na Sungura akamjibu kwamba punda huyu angekuwa na moyo na masikio asingalirudi mara ya pili.

Sasa niseme lililonipata. Kuna wakati nilifanya biashara ya machungwa ya Muheza pamoja na mtu wa mtaa wetu, mtu tuliyesimama naye safu moja msikitini. Mimi nilinunua mashambani na kupakia, yeye aliuza Dar es Salaam. Msimu mmoja alirudi mikono mitupu, akasema lori liliharibika njiani na mzigo ukaoza. Baadaye nilikuja kujua kwa dereva mwenyewe kwamba machungwa yalifika na yakauzwa hadi la mwisho. Nikaachana naye. Baada ya mwaka mmoja alikuja nyumbani kwangu usiku, akalia, akataja shida za nyumbani kwake na udugu wetu wa zamani, na mimi nikaingia naye tena. Safari hiyo ya pili aliondoka na fedha za msimu mzima, pamoja na nilizokopa.

Nilikwenda Pangani kwa bibi. Alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kulala tu, juu ya kitanda cha kamba karibu na dirisha. Nilimweleza yote kwa urefu, nikitaja lori, dereva, deni na machozi ya yule bwana, naye akanisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliniuliza, "Hii ni mara ya ngapi?" Nikamjibu kwamba ni ya pili. Akanitazama kwa muda, akasema, "Punda wa dobi," kisha akaniomba nimpe maji ya kunywa.

Nilimshikia kikombe huku nikihisi kwamba hadithi niliyoijua tangu utotoni nilikuwa sijapata kuisikia. Hakuna mnyama katika nyua zetu mwenye masikio marefu kuliko punda, na hadithi inasema ni yeye hasa asiyekuwa nayo. Majeraha ya mara ya kwanza alikuwa nayo mgongoni alipokuwa akisikiliza maneno ya mara ya pili. Jibu langu la darasani, "tusimwamini rafiki wa uwongo", lilikuwa sahihi miaka yote, na halikunisaidia kitu usiku ule nilipomfungulia mlango. Kilichonifikia ni jina. Hadithi ilikuwa imenihifadhia jina la hali yangu kwa zaidi ya miaka thelathini, likingoja siku ya kufaa.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuamini kwamba hadithi za wanyama hazikutungwa kuwa amri za kufanya na kutofanya. Zilitungwa ili mtu awe na macho ya kutambua mahali alipo anapokuwa mahali hapo. Ningependa kusikia kutoka kwenu: je, kuna hadithi iliyowahi kuwarudia ukubwani kwa namna hii?

Mwalimu wa Zamani

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi huu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na swali hilo la "inatufundisha nini" nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo maneno yako yamenigusa.

Hadithi za wanyama wanaosema, ambazo katika fasihi simulizi tunaziita hurafa, zina safari ndefu, na hiyo ya bibi yako ina safari ndefu kuliko nyingi. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, chini ya jina hilo hilo la punda wa dobi. Lakini mizizi yake iko India, katika mkusanyiko wa Kisanskriti uitwao Panchatantra, ambao katika karne ya 6 ulifasiriwa kwa Kipahlavi huko Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaufasiri kwa Kiarabu, ndiyo Kalila wa Dimna. Neno lenyewe dobi ni la Kihindi, na yule punda alikuwa wa mfua nguo tangu huko.

Tazameni jinsi kila pwani ilivyoivalisha hadithi nguo zake. Kule India rafiki wa kima ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika Kiarabu ni kasa, na mti ni mtini. Ilipofika kwetu kasa akawa papa, na mtini ukawa mkuyu, ambao kwa hakika ni ndugu wa mtini. Hata Wagiriki wa kale walikuwa na kisa cha simba mgonjwa na mnyama asiyekuwa na moyo, ila kwao aliyerudi mara ya pili ni kulungu.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, liko katika sababu ya usaliti. Katika masimulizi ya India na ya Kiarabu anayeutaka moyo wa kima ni mke wa yule rafiki, kwa wivu wa urafiki wao. Kwetu ni sultani. Msimulizi wa pwani aliuondoa wivu wa nyumbani akaweka amri ya mkubwa, na kwa kufanya hivyo Papa wetu amekuwa mtu wa namna nyingine kabisa: aliyetumwa. Kwa watu walioishi chini ya masultani na kuyaona majahazi yakipakia watumwa, sidhani kama badiliko hilo lilitokea kwa bahati.

Kuhusu funzo la mwishoni, unayo haki. Hata hadithi za Esopo, msimulizi wa Ugiriki ya kale ambaye mwanahistoria Herodoto anatuambia kwamba alikuwa mtumwa, funzo linaloandikwa chini yake ni kazi ya wakusanyaji waliokuja baadaye. Mtumwa anayesimulia kisa cha simba na punda mbele ya bwana wake hahitaji kueleza simba ni nani.

Mama Watatu

Kaka yangu Mwanangamiani, shikamoo, na Mwalimu shikamoo. Nimeusoma uzi huu kwa makini, na ninaomba kutofautiana nanyi kwa adabu, kwa sababu nyinyi mnazungumza kama watu wazima waliokwisha kuumwa na dunia, lakini wanaosimuliwa hadithi hizi ni watoto.

Sungura ni mwongo. Anakula asali ya Simba, anawachongea wenziwe, anamtia Fisi matatani na kuondoka akicheka, na mwisho wa hadithi ndiye anayeshangiliwa. Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka tisa, alimdanganya mdogo wake kwamba maandazi yake yameingia mdudu, akayachukua akayala, na nilipomwuliza alinijibu kwa furaha, "Mama, mimi ni Sungura." Nilimwadhibu, lakini nilibaki nikijiuliza nani hasa aliyemfundisha, na jibu nililijua. Nilimfundisha mimi, kila usiku, kabla ya kulala.

Liko jingine linaloniuma zaidi, na linahusu hilo jina unalolisifu. Katika shule waliyosoma wanangu alikuwapo mvulana mmoja wa nyumba yenye shida, ambaye saa ya mapumziko alisubiri wenziwe wale ndipo aokote kilichobaki. Wakamwita Fisi. Mwanzoni aliitikia kwa kucheka. Kisha akawa anachukua kipande chake cha muhogo anakwenda kula nyuma ya jengo la darasa, amelipa mgongo dirisha, ili asionekane akitafuna. Nilimwona kwa macho yangu siku niliyokwenda kwenye kikao cha wazazi. Hadithi ndiyo iliyowapa watoto wale jina hilo, tayari limekamilika, lenye ulafi na ujinga na kicheko ndani yake. Bibi yako alikupa jina ukazinduka. Yule mtoto alipewa jina akajificha. Naomba unieleze tofauti iko wapi.

Kijana wa Muheza

Mimi nina neno dogo tu. Kwetu hadithi ya mbio za Kobe na Sungura niliyosimuliwa na babu haikuwa ya Sungura kulala usingizi. Kobe aliwapanga ndugu zake njiani, kila kona kobe mmoja, na kila Sungura alipouliza akajibiwa na sauti iliyo mbele yake. Shuleni niliambiwa kwamba hiyo si hadithi sahihi. Mpaka leo sijui kwa nini ushindi wa anayetembea polepole peke yake uhesabiwe kuwa adili, na ushindi wa ukoo uliosaidiana uhesabiwe kuwa udanganyifu. Inawezekana yote mawili yamo ndani yake.

Mvuvi wa Sahare

Wazee wangu na ndugu zangu, sina elimu kubwa ya vitabu, ila nimevua tangu ujana wangu, na hadithi ya Papa inanihusu kidogo.

Mwaka mmoja wakati wa kaskazi tulikuwa watu wanne katika dau, mbali na nchi, usiku. Kalafati ya ubao mmoja wa chini ilikuwa imetoka, maji yakaanza kuingia taratibu, kwanza yakilowesha nyayo, kisha yakifika kwenye vifundo vya miguu. Kijana mmoja akaanza kupiga kelele. Nahodha wetu hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeomba kiberiti, "Wawili wafue maji, mmoja ashike tanga, na wewe unayelia nishikie taa." Tulifua maji kwa makopo mpaka mikono ikafa ganzi, na alfajiri tukaliona giza la miti ya pwani likitokeza. Nilipokuwa nikifua nilimkumbuka Kima. Sikukumbuka funzo lolote. Nilikumbuka tu kwamba alipoambiwa habari ya moyo wake alikuwa juu ya mgongo wa papa, maji pande zote, na hakupiga kelele.

Lakini lililonifanya niandike ni Papa mwenyewe, ambaye naona anaonewa katika uzi huu na hata mashuleni. Marehemu baba yangu alikuwa akituuliza: kwa nini Papa alisema? Angeweza kunyamaza. Mzigo ulikuwa tayari mgongoni, kwao hapakuwa mbali, na Kima hakuwa na mahali pa kukimbilia. Baba aliamini kwamba Papa alitumwa na sultani na hakuweza kukataa, lakini pia hakuweza kumbeba rafiki aliyemlisha kila siku huku amefunga kinywa. Akasema, na kusema kwake ndiko kulikomwokoa Kima. Sijui hadithi nyingine ambayo msaliti anashindwa na aibu yake mwenyewe kabla ya kufika. Kwa hiyo watoto wanapofundishwa kwamba Papa ni rafiki wa uwongo tu, mimi husikia kwamba nusu ya hadithi imetupwa baharini.

Mwanangamiani (mleta mada)

Dada yangu Mama Watatu, marahaba. Swali lako limeninyima usingizi, na sitaki kulijibu kwa maneno mepesi.

Nimejaribu kumkumbuka bibi kwa uangalifu zaidi. Alipotamka "punda wa dobi" tulikuwa wawili tu chumbani. Mjomba wangu alikuwa uani, na bibi alingoja mpaka mlango ukarudishwa. Hakuwahi kulirudia mbele ya mtu, wala kulitumia kunichekesha watu, mpaka alipofariki. Na alilisema kwa mtu aliyekuwa ametendewa, baada ya kumsikiliza mpaka mwisho. Watoto wale walilitamka lao mbele ya kundi, juu ya mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza jana alikula nini. Sisemi kwamba hadithi haina hatia. Jina la hadithi lina makali, na mimi nililisifu makali hayo bila kufikiria nani anayeshika mpini. Ulivyomweleza yule mtoto, mgongo wake ukiwa umeelekea dirisha, ninakubali kwamba katika kumfanya Fisi awe mjinga kila siku na mwenye njaa kila siku, tumewafundisha watoto kuicheka njaa. Hilo nilikuwa sijaliona, na ni kosa kubwa.

Kuhusu Sungura nina neno moja tu la kumtetea. Katika hadithi za bibi Sungura hakuwa anamdanganya mdogo wake. Alimdanganya Simba, aliyekuwa na meno na amri. Alipowageukia wanyama wadogo, bibi mwenyewe alikuwa akivuta pumzi na kusema, "Hapa Sungura amekosa adabu," kisha akaendelea. Neno hilo fupi kitabuni halimo.

Mvuvi wa Sahare, wewe umenifungulia jambo ambalo nilikuwa nimelificha, na sasa sina budi kulisema. Nimeuanzisha uzi huu kwa sababu yule bwana wa machungwa amenitafuta tena. Imepita miaka mingi. Alituma ujumbe kwa mtu, akasema anaumwa na angependa kuniona, na akaongeza kwamba liko shamba la minazi upande wa Pangani ambalo tungeweza kuzungumza habari zake. Sijajibu. Hadithi ya punda haina mara ya tatu, maana punda alikufa katika ya pili, na mimi nikiwa hai sijui niliweke wapi jambo hili. Nikimwona kuwa ni Sungura wa Simba, nisiende. Lakini baada ya kusoma maneno ya baba yako nimeanza kujiuliza kama huenda ni Papa, mtu aliyetumwa na shida zake, na kama machozi yale ya usiku ule hayakuwa yote ya uwongo.

Mwalimu wa Zamani

Ndugu yangu, pole kwa mzigo huo. Unaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Inakaa vizuri sana kando ya punda wa dobi. Lakini dini ile ile imetuhimiza kusamehe na kumzuru mgonjwa, na sijapata kusikia kwamba mafundisho hayo yanapingana.

Nimemkumbuka pia mtu wa huku huku kwetu, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Machui. Katika kisa chake cha Adili na nduguze, ndugu wawili waliomtendea mwenzao uovu wamegeuzwa manyani, naye analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku, na akimaliza huwabembeleza. Niliposoma hilo ujanani nililiona kama ajabu ya hadithi. Sasa nikiwa mzee naona ni maelezo ya kweli ya mtu aliyekosewa na ndugu yake, anayeipiga kumbukumbu kila usiku na kuilia.

Mama Watatu

Kaka, ahsante kwa kunijibu kwa uaminifu. Mimi ningekwambia uende. Usiende na fedha, wala usimpeleke mtu wa kwenda kushuhudia unyonge wake. Nenda peke yako, kama bibi yako alivyongoja mlango urudishwe.

Mvuvi wa Sahare

Mzee wangu, irudie ile hadithi mwishoni mwake, mahali ambapo watu huwa wamekwisha kuanza kusimama. Kima alipoupanda mkuyu hakukimbilia bara. Alikaa. Papa alipomwita alinyamaza kwanza, kisha akamjibu, na jibu lenyewe lilikuwa hadithi ndefu, aliyomsimulia kwa utulivu kama wanavyosimuliana marafiki. Hakumtukana. Ila hakushuka. Mimi nafikiri mtu anaweza kuzungumza na Papa muda wote anaotaka, maadamu yuko juu ya mti.

Mwanangamiani (mleta mada)

Wanajamvi, nimechelewa kurejea, mniwie radhi.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Nilichukua kikapu cha machungwa, nikasita nacho mlangoni kwa sababu niliona kama kinasema jambo ambalo sikukusudia, lakini nilikuwa nimekwisha kubisha hodi. Amedhoofika sana. Alikuwa amekaa barazani juu ya kiti cha plastiki, blanketi miguuni, na ilipoletwa kahawa mkono wake ulitetemeka hata kikombe kikagonga birika. Mke wake alilimenya chungwa moja, akamkatia vipande, naye akanisogezea kwanza mimi.

Tulizungumza habari za watu wa mtaani waliotangulia, na habari za barabara ya Pangani. Hakutaja lori wala fedha, nami sikumtajia. Kisha akaanza kueleza habari za lile shamba la minazi, kwamba mwenyewe anauza kwa bei nafuu na kwamba anayehitajika ni mtu mmoja tu wa kuaminika. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kwamba leo nimekuja kumjulia hali, na kwamba nitakuja tena Ijumaa ijayo kwa jambo hilo hilo la kumjulia hali.

Alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama yule bibi yangu wa Pangani bado yu hai, nikamwambia kwamba alikwisha kutangulia, na akasema kwamba siku moja, tulipokuwa tukipeleka machungwa, bibi alimpikia wali wa nazi na kumsimulia hadithi ya Kima. Nikamwuliza alimsimulia mpaka wapi. Akasema lori liliwahi kufika, kwa hiyo waliishia pale Papa alipomwambia Kima apande mgongoni.

Ijumaa ijayo nitamsimulia iliyobaki.